Dawa Kabla ya Kisu: Tiba ya Kinga kwa Saratani ya Ngozi na Namna ya Kuieleza Garissa

Utangulizi

Wapenzi wa Kiswahili tumezoea kudai kwamba lugha yetu inaweza kubeba maarifa ya aina yoyote. Dai hilo ni la kweli, ila huthibitishwa kwa kazi wala si kwa kauli. Makala haya yanachukua mada moja ya tiba ya kisasa, yaani kumpa mgonjwa wa saratani ya ngozi dawa za kuamsha kinga ya mwili kabla hajapasuliwa, na kujaribu kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mandhari tuliyoyateua ni Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Huko mgonjwa huwaza kwa Kisomali, daktari husoma kwa Kiingereza, na Kiswahili aghalabu ndicho daraja baina yao. Daraja likiwa bovu, anayetumbukia mtoni ni mgonjwa.

Makala yana malengo matatu: kueleza ugonjwa na tiba yenyewe, kuonyesha yaliyothibitishwa na yale ambayo bado yanachunguzwa, na kujadili istilahi zinazoweza kumsaidia mgonjwa kutoa ridhaa kwa kuelewa.

Ugonjwa na wanaoupata

Saratani ya ngozi si ugonjwa mmoja. Kuna melanoma, ambayo huanzia katika seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Kuna pia saratani ya seli bapa, ambayo huanzia katika seli za tabaka la juu la ngozi na ambayo chanzo chake kikuu ni miale ya jua. Zipo aina nyingine, lakini hizi mbili ndizo zinazohusika na mjadala wetu.

Imezoeleka kudhaniwa kwamba mtu mweusi hapati saratani ya ngozi. Ni kweli kuwa melanini humkinga na jua, na kwa hiyo melanoma ni nadra kwake kuliko kwa Mzungu. Hata hivyo, inapompata hupenda kujificha mahali ambapo jua halina dhambi: katika wayo, katika kiganja au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36 kwa sababu ya melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Katika nchi ya wafugaji, ambako miguu huchomwa na miiba kila uchao, doa jeusi la wayoni ni rahisi kudhaniwa kuwa kovu la mwiba. Doa linalopanuka, mstari mweusi wa ukuchani unaozidi kunenepa, au kidonda kinachokaa wiki nyingi bila kupona ni mambo yanayostahili kuonyeshwa daktari mapema.

Kundi la pili ni watu wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu, na ilipata watu 9,729. Hawa hawana melanini ya kutosha, na mji wa Garissa uko chini ya nusu digrii kutoka mstari wa ikweta. Kwao saratani ya seli bapa huweza kuanza katika umri wa ujana, tena usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Upasuaji wa mahali hapo ni mgumu, kwani kisu kinachouondoa uvimbe huweza kuondoka na sikio, jicho au sehemu ya taya. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa kuwa ipo dawa inayoweza kuupunguza uvimbe kabla ya kisu, anachoambiwa ni kwamba huenda akabaki na uso wake.

Kinga ya mwili na hila ya saratani

Mwili una walinzi wengi. Miongoni mwao ni chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kukagua seli nyingine na kuziangamiza zile zilizoharibika au zilizovamiwa na virusi. Ili tuielewe kazi hiyo, tuchukue mfano wa mchungaji wa ngamia. Kila ukoo huwa na chapa yake, na jioni mchungaji hukagua kundi lake. Anayemkuta bila chapa humtenga. Sasa tuseme amekuja ngamia mgeni, mwenye mwendo usiojulikana, ila amepigwa chapa inayofanana na ya nyumbani. Mchungaji anamtilia shaka, lakini akiiona chapa humwacha apite.

Saratani hufanya hivyo hivyo. Seli T zina protini iitwayo PD-1, ambayo ni kama jicho la kusoma chapa. Seli ya saratani huweza kuvaa protini nyingine, PD-L1, ambayo ndiyo chapa. Zikigusana, seli T hupokea amri ya kutulia. Protini hizi mwili haukuziumba bure. Kazi yake ya asili ni kuizuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Saratani ndiyo iliyoiba alama ya amani na kuitumia kwa hila.

Dawa mpya hazimwui ngamia mgeni. Hulifunika jicho linalosoma chapa, ili mchungaji ahukumu kwa mwendo na umbo. Pembrolizumabu, nivolumabu na semiplimabu huifunika PD-1, ilhali ipilimumabu huizuia protini nyingine ya kutuliza iitwayo CTLA-4. Zote ni kingamwili zilizotengenezwa maabarani, na hutiwa mwilini kwa kupitia mshipa. Ipilimumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 na pembrolizumabu mwaka 2014. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, ambao uchunguzi wao uliifungua njia hii, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018.

Mfano wetu unaeleza pia madhara. Mchungaji asiyeitazama chapa tena anaweza kuwafukuza hata ngamia wake mwenyewe. Vivyo hivyo, kinga iliyofunguliwa huweza kuushambulia utumbo, ini, mapafu, ngozi, au tezi zinazotengeneza homoni. Baadhi ya madhara hayo hutulizwa kwa dawa, lakini tezi ikishaharibika mgonjwa huenda akahitaji vidonge vya homoni maisha yake yote.

Kwa nini dawa itangulie?

Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa mmoja: kata kwanza, kisha toa dawa ya kufagia masalio. Dawa inayofuata upasuaji tutaiita tiba fuatizi, na ile inayoutangulia tutaiita tiba tangulizi. Swali la watafiti lilikuwa hili: iwapo dawa ni ile ile, je, mpangilio wake una maana?

Wakazi wa Garissa wanaujua mti wa mathenge. Uliletwa nchini ili kuzuia jangwa, kisha ukageuka kero. Mifugo hula maganda yake matamu na kusambaza mbegu kwa kinyesi. Anayeukata mti mmoja hajaziondoa mbegu zilizokwisha safiri. Saratani yenye hatari kubwa ni hivyo. Uvimbe unaoonekana hukatwa, lakini chembe zisizoonekana huenda zimekwisha kuhama.

Hapo ndipo penye hoja ya tiba tangulizi. Uvimbe ukiwa bado mwilini, seli T zilizoamshwa hukutana na kundi zima la wageni. Huwajua kwa namna zao mbalimbali, huzaana, kisha husambaa mwilini zikiwatafuta wenzao waliotoroka. Uvimbe, kwa maneno mengine, huwa mwalimu. Tukiuondoa kwanza ndipo tutoe dawa, tumewaamsha wanafunzi baada ya kumfukuza mwalimu darasani.

Kuna faida ya pili. Uvimbe unaopasuliwa baada ya dawa hupelekwa maabara, na mtaalamu huona ni sehemu gani iliyokufa na ipi iliyo hai. Daktari hupata jawabu la jambo ambalo tiba fuatizi haiwezi kumwambia: je, dawa hii inamfaa mgonjwa huyu? Pamoja na hayo, hatari ipo. Dawa isipofaa, uvimbe huweza kukua wakati wa kungoja, na madhara makali yanaweza kuuchelewesha upasuaji.

Majaribio yamesema nini?

Jaribio la kwanza la kutajwa ni lile la Marekani lijulikanalo kama S1801, lililoongozwa na Daktari Sapna Patel na kuchapishwa mwaka 2023. Wagonjwa 313 wa melanoma iliyokwisha kuenea lakini bado inayoweza kukatwa waligawanywa mafungu mawili. Wote walipangiwa dozi 18 za pembrolizumabu. Fungu moja lilipata dozi tatu kabla ya upasuaji na nyingine baadaye. Fungu la pili lilipata zote baada ya upasuaji. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hawajapatwa na tukio lolote baya, kama vile ugonjwa kurejea au kuzuia upasuaji, walikadiriwa kuwa asilimia 72 katika fungu la kwanza na asilimia 49 katika la pili. Dawa ilikuwa ile ile, na idadi ya dozi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

La pili ni NADINA, lililoongozwa na Daktari Christian Blank wa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2024. Lilihusisha wagonjwa 423 ambao melanoma yao ilikuwa imefika katika tezi za limfu. Fungu moja lilipewa dozi mbili tu za ipilimumabu na nivolumabu pamoja, kisha upasuaji. Fungu la pili lilipasuliwa kwanza, kisha likapewa nivolumabu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 83.7 ya fungu la kwanza walikuwa hawajapatwa na tukio baya, kwa kulinganisha na asilimia 57.2 ya fungu la pili. Tena, asilimia 59 ya waliotangulizwa dawa walionekana kuwa na uvimbe uliokufa karibu wote, nao hawakuhitaji dawa zaidi. Haikuwa bila gharama: madhara makali yaliyotokana na dawa yaliwapata asilimia 29.7 ya fungu la kwanza na asilimia 14.7 ya la pili.

La tatu linawagusa kwa karibu zaidi watu wenye ualbino, ingawa halikufanywa kwao. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 79 wa saratani ya seli bapa waliopewa hadi dozi nne za semiplimabu kabla ya upasuaji. Katika asilimia 51 ya wagonjwa hao hakukuonekana seli hai ya saratani katika nyama iliyokatwa, na katika asilimia 13 nyingine zilibaki chache mno. Jaribio hili halikuwa na fungu la kulinganisha, kwa hiyo haliwezi kutuambia kila kitu. Hata hivyo, linatosha kumfanya daktari wa upasuaji afikiri mara mbili kabla ya kuliondoa jicho.

Mapema, lakini kwa hatari

Msomaji makini ataona kuwa majaribio mawili ya melanoma yalihusu ugonjwa uliokwisha kutoka pale ulipoanzia. Swali linaloulizwa sasa ni la nyuma zaidi: je, dawa itangulie hata kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake haujafika katika tezi za limfu, lakini umezama ngozini kwa zaidi ya milimita 4, au kwa zaidi ya milimita 2 na kuchimbika kidonda? Hii ndiyo hatua ya mapema yenye hatari kubwa. Kwa wagonjwa wa aina hiyo Marekani iliidhinisha pembrolizumabu kama tiba fuatizi mnamo Desemba 2021, baada ya jaribio la watu 976. Kuifanya iwe tangulizi ni jambo ambalo bado linajaribiwa.

Ugumu wake ni wa aina tatu. Kwanza, wengi wa wagonjwa hawa wangepona kwa kisu peke yake. Kumpa mtu wa namna hiyo dawa inayoweza kuiharibu tezi yake daima ni uamuzi mzito. Pili, uvimbe wa ngozi aghalabu hukatwa wote wakati wa kuchukua sampuli, na mwalimu anakuwa ameondoka kabla somo halijaanza. Tatu, melanoma ya wayo na kiganja, ambayo ndiyo ya Mwafrika, kwa jumla huitikia dawa hizi kwa udhaifu kuliko ile iletwayo na jua. Matokeo yaliyopatikana hasa kwa wagonjwa weupe hayawezi kuhamishwa hadi Garissa kama mzigo wa lori.

Istilahi na ridhaa

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Tuseme jaribio la aina hii limefika Kaskazini Mashariki. Mgonjwa ataelezwaje? Hapa kazi ni yetu.

Tuanze na neno kinga. Linabeba maana mbili: kuzuia ugonjwa usije, na uwezo wa mwili kujilinda. Methali isemayo kuwa kinga ni bora kuliko tiba huzitenga kinga na tiba kama vitu viwili. Kwa hiyo mgonjwa anayesikia “tiba ya kinga” anaweza kudhani ni chanjo, au dawa ya kuzuia ugonjwa ambao tayari anao. Aidha, Wakenya wengi walijifunza dhana ya kinga mwilini kupitia neno UKIMWI. Daktari akianza kwa kusema “tatizo lako liko katika kinga”, mgonjwa anaweza kusikia jambo jingine kabisa, akaondoka na asirudi. Tunapendekeza maelezo yaanze na saratani, na istilahi iwe “tiba ya kuamsha kinga”. Ni ndefu, lakini haidanganyi. Kisomali kina msemo “difaaca jirka”, yaani ulinzi wa mwili, ambao mkalimani anaweza kuutumia bila wasiwasi.

Neno la pili ni jaribio. Katika matumizi ya kila siku, kufanyiwa majaribio ni kugeuzwa panya wa maabara. “Utafiti wa tiba” ni afadhali kwa kichwa cha fomu, mradi ndani yake isifichwe kwamba matokeo hayajulikani. Kulainisha neno hadi likapoteza hatari yake ni kumnyima mgonjwa haki ya kukataa.

La tatu ni kura. Mgawanyo wa wagonjwa hufanywa kwa bahati nasibu, na neno kura, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ya kale ni hiyo hasa. Lakini siasa imelitwaa. Mgonjwa akiambiwa “kura itapigwa” anaweza kuwaza kwamba madaktari watakaa kikao na kuamua nani apone. Yafaa aelezwe kwa sentensi kamili: “Kompyuta itachagua fungu lako bila kukujua, na daktari hana uwezo wa kubadilisha.”

La nne ni sitiari. Vitabu vingi huieleza kinga kwa lugha ya vita: askari, adui, shambulizi. Eneo hili lilipitia vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, na uvamizi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa wa tarehe 2 Aprili 2015. Askari katika kumbukumbu ya watu si mlinzi wakati wote. Hii ndiyo sababu tuliteua chapa ya ngamia badala ya askari wa kizuizini. Mfano huo una kasoro zake, kwa mfano mgonjwa aliyekulia mjini huenda asiwahi kuchunga, lakini angalau haumtishi anayetakiwa kutulizwa.

Hali halisi ya Garissa

Garissa ni mojawapo ya miji mitatu ya nje ya Nairobi, pamoja na Mombasa na Nakuru, iliyojengewa kituo cha saratani cha kanda ili wagonjwa wasilazimike kwenda mji mkuu. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, dawa za kuamsha kinga zina masharti. Hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, katika mji ambao joto la mchana hupita 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Huhitaji pia mgonjwa aweze kufika hospitalini haraka: kuhara kunakotokana na dawa hizi hutibika kukiwahiwa, lakini kunaweza kumwua mtu aliye machungani Mandera. Shirika la Afya Duniani liliiingiza nivolumabu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 kwa ajili ya melanoma iliyoenea, lakini kuwa katika orodha si kuwa katika kabati la hospitali, na bei yake ingali mlima kwa familia ya kawaida.

Yapo, hata hivyo, yasiyongoja dawa ghali. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua, ambayo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwapa watu wenye ualbino, huzuia saratani isianze. Kuutazama wayo na kucha hakugharimu senti. Kuchukua sampuli ya kidonda kisichopona na kuipeleka maabara ndiko kunakotenganisha mapema na kuchelewa. Na dawa tangulizi, hata siku itakapopatikana, itamfaa yule tu aliyefika kabla saratani haijashinda kisu.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuutanguliza mwamko wa kinga mbele ya upasuaji kumeboresha matokeo ya melanoma iliyoenea katika majaribio mawili makubwa, na kumeleta matumaini kwa saratani ya seli bapa. Kwa ugonjwa wa mapema wenye hatari kubwa jawabu halijapatikana, na Mwafrika hayumo vya kutosha miongoni mwa wanaochunguzwa.

Tunapendekeza mambo mawili kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, wanachama wanaozungumza Kisomali washirikiane na wauguzi kutayarisha faharasa ya maneno ya saratani katika Kiswahili, Kisomali na Kiingereza, tena ijaribiwe kwa wagonjwa kabla ya kuchapishwa. Pili, fomu za ridhaa zinazotafsiriwa vyuoni zisomwe kwa sauti mbele ya watu ambao hawakusoma, kisha waulizwe wameelewa nini. Pale watakapokosea, fomu ndiyo iliyokosea, nayo irudishwe mezani.